Somo: Kitaliano kiingie mdomoni, si kwenye daftari tu

Wadau habari zenu, hapa Malindi naona wanafunzi wa chuo wanakesha na listi ya maneno, mtihani wanapasi, halafu akikutana na Mtaliano pale Casuarina anabaki kutabasamu tu. Inaniuma kwa sababu akili wanazo, ila mbinu wanatumia moja. Mtaalamu wa ujifunzaji lugha, Rebecca Oxford, mwaka 1990 alizigawa mbinu za kujifunza lugha makundi 6: kukumbuka, kuchambua, kufidia unachokosa, kujipangia na kujikagua, kutuliza moyo, na kushirikiana na watu. Wengi wetu tumeganda kwenye lile la kwanza.

Hatua ya 1. Jipangie jambo la wiki, na si "nitasoma sura ya tatu", andika "nitasimulia nilivyoshinda jana".

Hatua ya 2. Maneno yaweke kwenye sentensi, uyarudie leo, kesho kutwa, wiki ijayo.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe. Jirekodi kwa simu dakika 2 kisha usikilize na kalamu mkononi. Wengi wakitaka kusema "nimeenda" husema "ho andato" sababu mdomo umeshazoea "ho mangiato" (nimekula), kumbe andare (kwenda) inataka kisaidizi essere (kuwa), si avere (kuwa na) inayotoa hiyo "ho", kwa hiyo ni "sono andato", na mwanamke aseme "sono andata". Kwenye karatasi unapata vema, ukiongea linakuponyoka, sasa ukijisikia mwenyewe ndo unajua wiki ijayo ushughulike na nini.

Hatua ya 4. Neno likikukimbia lizunguke. Hujui kisu? Sema kile cha kukatia mkate.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mbona mabichi boi, wale vijana wa ufukweni wanaohangaikia watalii, wanaongea Kitaliano fasta na darasani hawajakaa?
Jibu: Wao kila siku wanashirikiana na watu na kufidia, ndo maana ulimi mwepesi. Kuandika barua rasmi ndo huwasumbua wengi. Wewe sarufi unayo, kaa nao uchukue na yao, tena kwa heshima.

Swali: Mi nasoma Kiarabu, hizi hatua zanifaa?
Jibu: Zakufaa sana, ila ukijirekodi sikiliza herufi ح na ه, ni sauti mbili tofauti ila sisi Waswahili twazitamka zote h moja.

Swali: Naona haya, nikikosea wanacheka.
Jibu: Pole dada, kutuliza moyo nako ni mbinu, usikuruke. Tafuta mwenzio mmoja tu wa darasani, muongee mkitembea jioni, na mkubaliane hakuna kukatizana mpaka mtu amalize sentensi yake.