Mashine ya CPAP Inapomkosesha Mwenzi Wako Usingizi: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kelele

Mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini mara nyingi hufika hospitali kwa kusukumwa na mume au mke aliyechoshwa na mikoromo yake. Kwa hiyo huvunja moyo pale mwenzi huyohuyo anapoanza kulalamika, mashine ya CPAP (ile inayosukuma hewa kupitia mrija na barakoa ili njia ya hewa isizibe usingizini) ikishaingia chumbani, kwamba sasa kinachomkesha ni mashine yenyewe. Lalamiko hilo lisipuuzwe, wala lisichukuliwe kuwa ni roho mbaya. Mashine nyingi za kisasa hutoa sauti ya desibeli zipatazo 25 hadi 30, ambayo ni ndogo kuliko ya feni, ilhali mkoromo mzito huweza kupita desibeli 60. Ikiwa kelele ya chumbani kwenu ni kubwa kiasi cha kumwamsha mtu, basi kuna kitu kinachovuja, kilichoziba, kilichochakaa au kilichowekwa mahali pasipofaa, na kitu hicho hutafutika.

Suluhisho moja lisijaribiwe kabisa, nalo ni kuivua barakoa katikati ya usiku ili mwenzako apate kulala. Njia ya hewa itaanza tena kuziba, oksijeni katika damu itashuka, na mwili utazinduka mara kwa mara bila wewe kujua. Ugonjwa huu usipotibiwa huambatana na shinikizo la damu, na humfanya mtu asinzie mchana hata akiwa nyuma ya usukani. Isitoshe, mikoromo itarudi usiku huohuo, na mwenzako atakuwa hajafaidika kwa lolote.

Anza kwa kumwomba mwenzako akueleze ni sauti gani hasa inayomsumbua, kwa sababu wewe uliyevaa barakoa husikii anachokisikia yeye. Fanyeni jaribio hilo jioni, kabla hamjachoka: lala kitandani kwa mkao wako wa kawaida, washa mashine, na yeye asogeze sikio kwanza karibu na uso wako, kisha kando ya mrija, kisha karibu na mashine. Mluzi au mfyonzo unaotoka usoni, mbubujiko wa maji ndani ya mrija, na mvumo unaotoka mezani ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine. Watu wengi hukimbilia kuilaumu mashine wakati chanzo kiko usoni.

Barakoa ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi. Kila barakoa ya CPAP ina matundu madogo yaliyowekwa makusudi ili hewa ya ukaa unayoitoa ipate pa kupitia, na matundu hayo hutoa sauti nyororo ya upepo usiku kucha. Yasizibwe kwa plasta, kitambaa wala kitu kingine, hata kama ndiyo yanayosikika, kwa maana utakuwa unavuta tena hewa uliyokwisha kuitoa. Kinachotafutwa ni hewa inayopenya mahali pengine: pembeni mwa pua, chini ya macho, au kwenye maungio ya mrija. Hewa hiyo ndiyo hupiga mluzi, na mashine nayo huongeza kasi ili kufidia kilichopotea, hivyo kelele ikawa maradufu.

Uvujaji wa namna hiyo wengi huutibu kwa kukaza kamba, na mara nyingi huuzidisha, kwa sababu mto laini wa silikoni ukibanwa mno hukunjika na kuacha mwanya. Legeza kamba zote, lala chini, washa mashine, kisha nyanyua barakoa kidogo kutoka usoni ili mto wake ujae hewa na kukaa sawasawa, ndipo ukaze taratibu pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Ukiirekebisha ukiwa umeketi, jitihada zako zitapotea mara tu unapojilaza, kwa kuwa nyama za uso hubadili mkao. Osha mto huo kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, na usilale ukiwa umepaka mafuta mazito usoni, kwani mafuta huifanya silikoni iteleze na kuichakaza upesi. Ndevu za siku chache nazo huvujisha hewa. Wanawake wanaosuka watambue kwamba misuko mipya, mabutu au kofia laini ya kulalia hubadilisha kabisa mkao wa kamba, na kwa hiyo vipimo vilivyofaa kabla ya kusuka huenda visifae tena.

Wapo ambao barakoa yao haivuji hata kidogo, lakini hewa inayoingilia puani hutokea mdomoni na kufanya midomo ipigepige. Dalili yake ni kuamka koo na ulimi vikiwa vikavu. Mara nyingi chanzo ni pua iliyoziba, kwa hiyo tibu mafua au mzio kwanza, safisha pua kwa dawa ya maji ya chumvi inayouzwa famasi, na utumie tangi la unyevu la mashine. Ikiwa hali haibadiliki, zungumza na mhudumu wako kuhusu barakoa inayofunika pua na mdomo kwa pamoja. Wengine husaidiwa na mkanda wa kidevuni. Mtindo wa kuziba mdomo kwa utepe usiuige bila ushauri wa daktari, hasa kama pua yako huziba au unasumbuliwa na kiungulia.

Mbubujiko wa maji hutokea pale hewa yenye joto na unyevu inapopita katika mrija uliopoa, ikageuka matone. Ndivyo inavyokuwa Njombe au Limuru katika miezi ya baridi, na ndivyo inavyokuwa Dar es Salaam au Mombasa katika chumba ambacho kiyoyozi kimewekwa baridi kali. Weka mashine chini kidogo ya usawa wa godoro ili maji yateremke kurudi tangini badala ya kukufuata puani, punguza kiwango cha unyevu, na uvike mrija soksi ya kitambaa, au ununue mrija wenye joto lake kama mashine yako inaukubali. Tangi lijazwe maji yaliyotoneshwa, na yakikosekana, yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku. Hapa niweke onyo ambalo vitabu vya maelekezo kutoka nje havina: maji ya betri yanayouzwa gereji yasitumike kamwe, maana hayakuandaliwa kwa ajili ya kuvutwa mapafuni na chupa nyingine huwa na tindikali.

Kama sauti inatoka kwenye mashine yenyewe, angalia chujio. Chujio lililojaa vumbi huilazimisha mashine kunyonya hewa kwa nguvu, nayo huanza kulia. Baadhi ya watengenezaji hutaja miezi sita kuwa ndio ukomo wa chujio la kutupwa, na wengine muda mfupi zaidi, lakini anayeishi kando ya barabara ya vumbi alikague kila mwezi na alibadilishe likishageuka rangi. La karatasi halifuliwi. La sponji ndilo linalooshwa, likaanikwa hadi likauke kabisa. Baada ya hapo tazama pale mashine ilipokaa. Kimeza chepesi kilicho wazi ndani huukuza mvumo, na kipande cha mpira mnene chini ya mashine hutosha kuunyamazisha. Usiifungie kwenye droo wala kuifunika blanketi, kwa sababu inahitaji hewa na hupata joto.

Ikiwa mashine ilikuwa kimya miaka yote na ghafla imeanza kunguruma, au unaona chembe nyeusi ndani ya mrija, usiifungue mwenyewe. Ndani ya mashine nyingi mna sponji ya kupunguza sauti, na sponji hiyo ndiyo iliyoifanya kampuni ya Philips, mwezi Juni 2021, itangaze kuzirudisha mashine zake kwa mamilioni baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikimomonyoka na kuweza kuvutwa na mgonjwa. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu baadhi ya mashine hutufikia zikiwa zimetumika, ama kwa kununuliwa au kwa kutumwa na ndugu walio ughaibuni. Kabla hujalalia mashine ya namna hiyo, linganisha namba yake na orodha ya mtengenezaji ya mashine zilizorudishwa, na kama imo, mwone daktari upesi badala ya kuacha matibabu kwa uamuzi wako.

Nguvu ya hewa ni suala la mtaalamu. Hata hivyo unaweza kumuuliza kama mashine yako ina mpangilio wa kuanza kwa nguvu ndogo na kupanda polepole, ambao humpa mwenzako nafasi ya kupitiwa na usingizi kwanza, au ule wa kupunguza nguvu kila unapotoa pumzi.

Kwa upande wa mwenzako, yapo mambo madogo yanayosaidia sana: vizibo laini vya masikioni, feni inayofunika sauti nyingine kwa mvumo wake usiobadilika, au yeye kutangulia kulala. Wakati mwingine kinachomsumbua hata si sauti, bali ni upepo wa yale matundu unaompiga shingoni, au taa ya skrini. Upepo huzuiwa kwa mto mrefu kati yenu au kwa barakoa inayosambaza hewa pande zote, na taa hupunguzwa katika mipangilio. Mnaolala ndani ya chandarua, pitisheni mrija chini ya pindo lake upande wako, kisha pindo lichomekwe vizuri chini ya godoro, la sivyo mbu watachukua zamu baada ya kelele kwisha.

Mazungumzo yenyewe yafanyike mchana. Saa tisa za usiku si wakati wa kuamua jambo, kwa kuwa kila neno litasikika kama lawama. Muulize pia kama hapendi kukuona umevaa kitu hicho, au kama anahisi kimeingia kati yenu. Wengi huona haya kulisema hilo na badala yake huitaja kelele. Hakuna ulazima wa kuivaa barakoa mara tu mnapopanda kitandani. Maongezi na faragha vitangulie, mradi tu usipitiwe na usingizi kabla hujaivaa. Na kama mmeamua kulala vyumba tofauti kwa muda, kubalianeni waziwazi kwamba ni mpango wa kutafuta usingizi na mpange ni lini mtaujadili upya, kwa sababu katika nyumba zetu jambo hilo husomwa haraka kuwa ugomvi, na wakwe hawakawii kuuliza.

Msipofanikiwa, rudini kliniki pamoja, mkiwa na barakoa yenyewe na taarifa ya uvujaji ambayo mashine nyingi huionyesha kwenye skrini kila asubuhi. Mwenzako aeleze alichokisikia kwa maneno yake. Kama ugonjwa wako si mkali, yaani pumzi hukatika au kupungua chini ya mara 30 kwa saa, ulizeni pia kuhusu kifaa cha kinywani kinachosogeza taya la chini mbele. Hakina mota wala mrija, lakini hutengenezwa kwa kipimo cha meno yako na kwa kawaida hakina nguvu ya CPAP katika kuzuia pumzi kukatika, kwa hiyo endelea kutumia mashine hadi daktari atakapothibitisha kwa kipimo kwamba kifaa hicho kinakutosha.