Ninavyozitoa barua za kale kwenye picha hadi kwenye wavuti

Safari ya kwanza nilitumia programu ya kawaida ya kuandikia, na rangi: njano kwa majina ya watu, kijani kwa mahali, waridi kwa maneno yaliyonishinda kusoma. Barua 63, miezi minne. Siku nilipotaka kujua jina fulani limetajwa mara ngapi, kompyuta haikuwa na la kunijibu, maana kwake njano ni njano tu. Nikaanza upya, hivi.

Kwanza picha. Zipange ndani ya Tropy, programu ya bure inayokuruhusu kuunganisha picha kadhaa ziwe hati moja, ili barua ya kurasa nne isiwe picha nne zilizopotezana. Papo hapo andika ilikotoka: hifadhi ya nyaraka, namba ya jalada, tarehe. Usijidanganye kwamba utakumbuka. Vitabu na makala unazosoma ziweke Zotero, programu ya kutunzia marejeo.

Kunakili kunaweza kusaidiwa na Transkribus au eScriptorium, zinazosoma mwandiko wa mkono. Ila modeli, yaani sehemu ya programu inayofunzwa kusoma, ikiwa ilifunzwa kwa mwandiko wa mtu mwingine itakupa vituko. Nakili mwenyewe kurasa kadhaa, uifunze kwa hizo, kisha pitia kila mstari ukiulinganisha na picha. Kosa baya ni neno linaloleta maana lakini silo lililoandikwa. Hilo jicho hulipita.

Sasa kazi yenyewe: alama. Mimi hutumia TEI (Text Encoding Initiative), mwongozo wa kuwekea maandishi alama ulioanza mwaka 1987, na ambao leo alama zake huandikwa kwa XML, lugha ya lebo ambayo kompyuta inaielewa. Badala ya rangi, neno unalizungushia lebo: persName kwa jina la mtu, placeName kwa mahali, del kwa alichokifuta mwandishi, add kwa alichoongeza. Neno linalosomeka kwa shida ni unclear, na ndani yake unaandika unachokisia. Lililoliwa na mchwa kabisa ni gap, hapo hakuna cha kukisia. Tahajia ya ajabu usiisahihishe kimyakimya. Weka choice, na ndani yake sic kwa ilivyoandikwa na corr kwa marekebisho yako.

Lebo ni zaidi ya 500. Chagua kumi au kumi na mbili, na fungua faili la maamuzi kabla hujagusa barua ya pili. Mfano: "mjomba" ni jina? Si jina, lakini anatajwa mtu mahususi. Nilibishana na nafsi yangu wiki nzima, nikaamua kutumia rs, lebo ya maneno yanayomtaja mtu au kitu bila kutumia jina lake. Kisha kila mtu nikampa kitambulisho kimoja, na "mjomba" na jina lake lenye tahajia tatu vyote vikaelekezwa hapo kwa ref, kiungo kinachoandikwa ndani ya lebo. Bila faili hilo, barua ya 40 itapingana na ya 5.

Kwa kuandikia, oXygen ni nzuri lakini ya kulipia. Visual Studio Code ni ya bure na inatosha. Kama unachambua fasihi na alama zako zinapishana, XML itakusumbua, kwa kuwa lebo haziruhusiwi kukatizana. Jaribu CATMA, programu ya kuchambulia maandishi inayoruhusu alama zipishane.

Kuchapisha, TEI Publisher ina mengi, ila inataka seva na mtu wa kuilea. Mimi natumia CETEIcean, inayoonyesha faili la TEI moja kwa moja ndani ya kivinjari. Mafaili ghafi nayapeleka Zenodo, ghala la data lililo chini ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, yapate DOI, kitambulisho cha kudumu, watafiti wengine waweze kuyanukuu.

Kabla ya hapo uliza haki ni za nani, na kama kuna aliye hai anayetajwa kwa siri zake. Barua mbili nimeziacha kwa sababu hiyo. Zipo Tropy, kwenye kompyuta yangu.