Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza Bila Kupotoshwa na Hadithi Tamu

Mwalimu mwenzangu aliniletea neno "posh", yaani la kifahari. Mwanafunzi wake alisoma mtandaoni kwamba lilitokana na herufi za mwanzo za maneno manne, "port out, starboard home" (kushoto kwenda, kulia kurudi): matajiri wa Uingereza waliokuwa wakienda India kwa meli walichukua vyumba vya kushoto wakati wa kwenda na vya kulia wakati wa kurudi ili kukwepa jua, na tiketi zao zikapigwa mhuri wa herufi hizo. Tulikaa tukalifuatilia. Njia ni ile ile kwa neno lolote.

Hatua ya 1: Andika hadithi inadai nini

Nani, wapi, lini, na ushahidi gani ungepaswa kuwepo. Hadithi ya "posh" inadai tiketi zenye mhuri. Haijapatikana hata moja.

Hatua ya 2: Fungua kamusi yenye nukuu za miaka

Kwangu ni Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka kwa mafungu mwaka 1884 na kukamilika 1928. Chini ya kila maana kuna sentensi halisi na mwaka wake. Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno, ni ya bure na ni nzuri kwa kuanzia, lakini mara nyingi haikuonyeshi sentensi zenyewe, kwa hiyo usiishie hapo. "Posh" kwa maana ya kifahari linaonekana 1914. Katika karne ya 19 lilikuwa neno la mitaani la sarafu ndogo, kisha la mtu mtanashati.

Hatua ya 3: Hakiki mwaka kwa macho yako

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, basi nenda polepole.

Mwaka unaoonyeshwa na Google Books si lazima uwe mwaka wa kuchapwa. Majarida ndiyo hatari zaidi: toleo la miaka mingi baadaye linaweza kubeba mwaka ambao jarida lilianzishwa. Fungua ukurasa wenye jina la kitabu usome mwaka uliochapwa hapo. Ukionyeshwa kipande tu cha ukurasa, na katalogi inadai ni cha 1890, tafuta mwaka wa baadaye, mfano "1935", ndani ya kitabu hicho hicho. Likitajwa tukio lililokwisha kutokea mwaka huo, kitabu hakiwezi kuwa cha 1890, hata katalogi iseme nini.

Kisha angalia neno limekaa wapi. Likiwa kwenye dibaji ya mhariri wa chapa mpya, ni la mhariri, si la mwandishi aliyekufa zamani.

Kwa vitabu vya kabla ya 1800 kuna tatizo la s ndefu. Wachapaji walitumia s inayofanana sana na f, na kompyuta huisoma kama f. "Best" inageuka "beft". Tafuta kwa tahajia zote mbili, la sivyo utadhani neno halikuwepo.

Mimi napenda Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kwa sababu vitabu vingi vya zamani unavisoma kurasa nzima. Grafu za Ngram, zinazoonyesha neno lilitumika mara ngapi kila mwaka katika Google Books, sizikubali kama ushahidi, maana zimebeba makosa yote hayo bila kukuonyesha ukurasa.

Hatua ya 4: Shuku herufi za mwanzo

Maneno ya namna hiyo ni nadra sana kabla ya karne ya 20. "News" si pande nne za dunia; ni wingi wa "new". "OK" ni kweli: lilichapwa katika Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, kifupisho cha mzaha cha "oll korrect" ("all correct" iliyoandikwa vibaya makusudi), na mtaalamu wa lugha Allen Walker Read ndiye aliyeonyesha hilo katika miaka ya 1960.

Hatua ya 5: Kagua mpaka kati ya neno na "a" au "an"

Hatua hii naipenda kuliko zote. "A napron" ilisikika "an apron", n ikahama. "Adder", aina ya nyoka, nalo lilipoteza n yake hivyo hivyo. Kinyume chake, "an ekename", yaani jina la ziada, ilizaa "nickname", jina la utani.

Ila usiiweke "orange" kwenye orodha hiyo, ingawa wengi hufanya hivyo. Kiarabu kina nāranj na Kihispania naranja, lakini Kiingereza kililipokea neno kutoka Kifaransa cha kale, ambako n ilikuwa imeshadondoka.