Kranki ya alumini: jinsi ya kuikagua, kuifungua na kuifunga bila kuua tundu lake

Mkono wa kushoto wa kranki, yaani ule unaoshika pedeli, ukianza kucheza, mafundi wengi wa barabarani wana dawa moja: kipande cha bati la kopo la soda ndani ya tundu linaloingia ekseli, nyundo mbili tatu, bolti inakazwa, hela inapokelewa. Wiki haiishi, mkono unacheza tena. Fundi hajakudhulumu, ila tundu lilishakufa kabla hujafika kwake. Ekseli ni ya chuma kigumu, kranki ni alumini. Ukiendesha na bolti iliyolegea, kila unapokanyaga pedeli chuma kinakula alumini, na alumini iliyolika hairudi.

Mwongozo huu ni wa baiskeli zenye ekseli ya mraba katikati, yaani baiskeli nyingi za gia za mtumba na zile za bei ya kawaida dukani. Mwenye baiskeli nyeusi ya mizigo, ile ambayo mkono wa kranki hushikwa na kota pini, anaweza kuishia kwenye sehemu ya metali.

Kwanza ujue umeshika metali gani

Tafuta sumaku ya spika mbovu. Ikinata kwenye mkono wa kranki, hicho ni chuma, hata king'ae vipi. Mng'ao ni kromu ya juujuu. Isiponata, karibu hakika ni alumini. Gusa mkono wenyewe, si sproketi, kwa sababu mikono mingi ya alumini hufungiwa sproketi ya chuma.

Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, ya alumini 2.7. Hapo ndipo wepesi unapotoka. Lakini kwa umbo lilelile na mzigo uleule, alumini hunepa karibu mara tatu zaidi, ndiyo maana kranki ya alumini hutengenezwa nene na ya chuma huwa nyembamba. Ukiona kranki ya alumini nyembamba ya kupendeza, jiulize mtengenezaji ameiba wapi.

Alumini tupu ni laini mno, kwa hiyo zinatumika aloi. Mbili utakazokuta zimetajwa sana ni 6061, yenye magnesi na silikoni, na 7075, ambayo nguvu yake inatokana hasa na zinki. Ya kwanza huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 276 hivi; ya pili hufika karibu 500. Herufi T6 zinazofuata maana yake metali imepashwa moto sana, ikapozwa ghafla, kisha ikapashwa tena polepole kwa saa nyingi. Nguvu yote imo katika moto huo uliopimwa. Basi mtu akikuambia ataziba ufa wa kranki kwa kuchomelea, mkatalie. Joto lake linaifuta T6 pale pale penye mzigo, na 7075 ina tabia ya kupasuka inapopoa. Kunyoosha nako vivyo hivyo: mkono wa chuma uliopinda unaweza kuunyoosha kwa bomba na ukatembea miaka, wa alumini ukipinda, hesabu umekwisha.

Tena kuna uchovu. Chuma kikibeba mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinaweza kurudia mara zisizohesabika bila kupasuka. Alumini haina kiwango hicho: kila mkanyago unahesabiwa. Mtu anayezungusha mara 60 kwa dakika, saa 2 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, amezungusha kranki zaidi ya mara milioni 2. Kranki nzuri imeundwa kuvumilia hayo na zaidi, mradi haina mkwaruzo wenye kona kali wa kuanzishia ufa.

Namna ya kuunda nayo ina uzito. Kranki ya kusubu humiminwa ikiwa uji, na ndani hubaki vitundu. Mara nyingi utaona ngozi ya chengachenga na mstari mwembamba ulioinuka pale kalibu zilipokutana. Ya kufuliwa hubanwa kwa mashine nzito, chembe za metali zikafuata umbo la mkono. Shimano wa Sakai, Japani, wamejijengea jina kwa kufua alumini hivyo. Ya kuchongwa hukatwa na mashine ya kompyuta kutoka kwenye bamba zima, na njia za kisu huonekana. Miaka ya 1990 karakana ndogo za Marekani zilichonga kranki za zambarau na bluu zilizowatoa watu udenda, na baadhi zilivunjika, kwa kuwa kisu hukata chembe badala ya kuzielekeza. Mimi sizikatai za kuchongwa, ila ziwe na kona za ndani zilizoviringwa vizuri. Kwa kazi ya kila siku, nipe ya kufuliwa.

Hatua ya 1: Kufungua

Toa bolti, mara nyingi kwa boksi namba 14, kisha toa na washa iliyo chini yake. Washa ikibaki, pula, yaani kifaa cha kuvutia kranki, itaisukuma hiyo badala ya ekseli, na utang'oa hesi (meno ya skrubu) zote za kranki. Safisha hesi kwa mswaki na mafuta ya taa. Rudisha pini ya pula nyuma kabisa, ingiza pula kwa vidole mpaka mwisho, kaza kidogo kwa spana, ndipo uzungushe pini. Ikigoma, tia mafuta ya kulainisha kutu, ulale, uamke nayo. Nyundo weka mbali: inaumiza gololi na bakuli zake.

Hatua ya 2: Kutafuta ufa

Osha mkono, kausha, kisha angalia sehemu tatu: kuzunguka tundu la pedeli, kona za tundu la mraba, na pale mkono unapoungana na miguu ya sproketi. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, pangusa pakauke kabisa, nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Mkwaruzo wa kawaida hautoi kitu.

Kama umenunua kranki ya Shimano ya mtumba ya baiskeli ya mbio, Ultegra au Dura-Ace ya gia 11, kipimo hiki hakitoshi. Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa kranki za aina hiyo zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, takriban 680,000 Marekani peke yake. Hizo ni vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi, na baadhi huachana. Soma alama ya uzalishaji iliyo nyuma ya mkono na uilinganishe na orodha yao.

Hatua ya 3: Kuoanisha na ekseli

Miraba iko ya aina mbili, JIS (kipimo cha Kijapani) na ISO (kipimo cha kimataifa). Mteremko wake ni sawa, nyuzi 2, lakini ncha ya ISO ni ndogo zaidi, hivyo kranki ya JIS kwenye ekseli ya ISO huzama kupita kiasi, na kinyume chake hubaki nje. Baada ya kukaza, ncha ya ekseli lazima ibaki ndani kidogo ya kikalio cha washa. Ikiwa sawasawa nacho, bolti inabana ekseli, mkono haubanwi na kitu.

Hatua ya 4: Kukaza

Pangusa mraba. Wapo wanaoapa ufungwe mkavu. Mimi, kwa hewa ya chumvi ya Mombasa au Dar, napaka grisi nyembamba mno, na nyingine kwenye hesi za bolti. Nguvu inayotakiwa kwa kawaida ni nyutoni-mita 35 hadi 45. Huna spana ya kupimia? Funga mkono wa kranki kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu, weka spana ya sentimita 30 ilale sawa na ardhi, kisha ning'iniza kwenye ncha yake dumu lenye maji lita 13. Hiyo ni kama nyutoni-mita 39.

Hatua ya 5: Pedeli

Ya kushoto hukazwa kinyume, kuelekea kushoto. Paka grisi, anza kwa vidole. Ikikataa vidole, usiilazimishe kwa spana. Bila grisi, chuma na alumini vikilowa chumvi hushikana na kutoa unga mweupe, na siku ya kufungua utalia.

Endesha siku ya kwanza, kisha pima bolti tena mara moja. Ikikubali kuzunguka kidogo, sawa. Ikiendelea kuzunguka kila unapoipima, tundu limekufa na mkono huo ni wa kuuza kwa kilo. Ukate kwanza kwa msumeno katikati, usije ukarudi sokoni umepakwa rangi.