Kurudi kwenye tenisi ya mashindano baada ya upasuaji wa nyonga

Kabla ya kupanga siku ya kushika raketi, mwulize daktari aliyekupasua alifanya nini hasa ndani ya kiungo. Aliyechongwa mfupa uliozidi na kushonwa gegedu (mfupa laini) la ukingo wa kiungo kwa matundu madogo hana safari moja na aliyevalishwa kofia ya chuma kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Wa kwanza kwa kawaida hucheza mechi za kweli kati ya mwezi wa 6 na wa 9. Aliyetobolewa mfupa ili gegedu liote upya hukaa kwenye magongo muda mrefu zaidi, mara nyingi wiki 6 hadi 8. Na aliyebadilishiwa nyonga nzima, madaktari wengi humruhusu kucheza wawili wawili lakini husita kumruhusu mashindano ya mmoja mmoja.

Wengi hutazama mfano wa Andy Murray, mchezaji nyota wa Uingereza. Alivalishwa kofia hiyo ya chuma Januari 2019, Juni akatwaa ubingwa wa wawili wawili kwenye shindano la Queen's, London, akiwa na Feliciano López, Agosti akarudi kucheza peke yake, na Oktoba akamshinda Stan Wawrinka kwenye fainali ya Antwerp. Bob Bryan, Mmarekani wa wawili wawili, alifanyiwa upasuaji wa aina hiyohiyo Agosti 2018, na Machi 2019 akashinda Miami pamoja na pacha wake Mike. Usiige kalenda yao, kwani walikuwa na wataalamu wa kuwaangalia kila siku. Iga mpangilio wa Murray: wawili wawili kwanza, maana hapo unalinda nusu ya uwanja tu.

Maelezo yanayofuata ni ya aliyeshonwa gegedu. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo ni za magongo, mguu ukigusa chini bila kubeba uzito wote. Usikunje nyonga kupita pembe mraba wala usikalie kigoda au kochi la chini. Baiskeli ya mazoezi inafaa mapema, kiti kikiwa juu na bila ukinzani, dakika 15 hadi 20. Kosa linalowarudisha wengi nyuma ni kuinua mguu ulionyooka wakiwa wamelala chali, kwa kudhani wanaimarisha paja. Zoezi hilo huilemea kano ya mbele ya nyonga, nayo ikishavimba hutuchelewesha kwa wiki nyingi. Kuacha magongo huku bado unachechemea huleta madhara hayohayo. Ukiona shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni damu iliyoganda.

Kuanzia wiki ya 6, daktari akikubali, jenga matako na kinena. Lala chali na kuinua kiuno kwa miguu miwili, kisha kwa mmoja. Tembea ubavu ukiwa na mkanda wa mpira juu ya magoti. Shuka polepole kutoka kwenye ngazi ya sentimita 15 hadi 20. Fanya seti 3 za mara 10, siku moja ndiyo na moja hapana. Misuli ya kinena husahaulika, ilhali ndiyo inayokushika unaponyoosha mguu kuufuata mpira wa pembeni.

Usianze kukimbia kwa sababu tu wiki 12 zimetimia. Simama mguu mmoja, chuchumaa nusu mara 10 mbele ya kioo. Kiuno kikishuka upande mmoja, au goti likiingia ndani, bado. Kabla ya kukata kona kwa kasi, ruka mbele kwa mguu mmoja na upime kwa futi kamba: mguu uliopasuliwa ufikishe angalau asilimia 90 ya mwenzake.

Uwanjani anza ndani ya maboksi ya sevu (yale yaliyo karibu na wavu) kwa mipira laini ya watoto, dakika 15, rafiki akikurushia kwa mkono. Mwendo wa mpira mwekundu ni wa polepole kwa asilimia 75 kuliko wa kawaida, wa chungwa 50, wa kijani 25. Panda rangi moja baada ya nyingine, ukirudi nyuma kuelekea mstari wa mwisho kadiri unavyopanda. Hapa kujua ni nyonga ipi kunabadilisha kila kitu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, fohendi ya kusimama wazi, yaani kifua na miguu vikielekea wavu, hupakia nyonga ya kulia, kisha kiwiliwili kinapozunguka nyonga ya kushoto hujipinda kwa ndani, na mguu huohuo wa kushoto ndio unaotua baada ya sevu. Kwa hiyo aliyepasuliwa kulia apige fohendi akikanyaga mbele kwanza, na aliyepasuliwa kushoto aiache sevu ije mwisho kabisa.

Sevu zihesabiwe: 20 kwa nusu ya nguvu bila kuruka, mara 2 au 3 kwa wiki, ukiongeza 10 kila wiki iliyopita salama. Kuruka kuje ukishafika 60.

Kila hatua ipimwe kesho yake asubuhi. Maumivu ya 2 kati ya 10 yaliyoisha usiku yanaruhusu kuendelea. Maumivu ya kinena yanayobaki unapovaa soksi, au kiungo kinachonasa, yanakurudisha hatua moja kwa wiki nzima.

Udongo hupunguza mshtuko wa kusimama ghafla, lakini kuteleza hutanua kinena. Nyasi hutaka ukunje magoti kwa mipira ya chini. Uwanja mgumu hunasa kiatu, hivyo mzunguko wote huishia kwenye nyonga. Ukiweza kuchagua, cheza seti za mazoezi kwenye udongo bila kuteleza. Kabla ya kulipa ada ya shindano, cheza mechi kamili siku mbili mfululizo, kwa sababu droo haitakupa siku ya kupumzika. Ukiamka siku ya tatu unachechemea, jiandikishe kwa wawili wawili pekee.