Pima Maji Kabla Mgodi Haujafunguliwa

Ziwa la kwanza nililojaribu kulitetea lilinishinda kwa swali moja. Tulikuwa kwenye kikao cha hadhara, mimi na wenzangu tumebeba picha za maji ya rangi ya kutu yaliyokuwa yakichuruzika chini ya lundo la magwangala, yaani mawe taka ya mgodi. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameshasimama akaeleza jinsi samaki walivyopungua. Mwanasheria wa mgodi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Vipimo vya maji vya kabla ya mgodi viko wapi?" Hatukuwa navyo. Akasema miamba ya eneo lile ina madini kwa asili yake, kwa hiyo huenda maji yalikuwa hivyo tangu enzi. Mzee akakaa. Ushahidi wake wa maisha mazima uliingia kwenye muhtasari kwa mstari mmoja.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa chupa na daftari. Haya ninamwandikia yeyote aliye karibu na ziwa la porini au msitu wa umma ambako watafiti wa madini wameanza kupita, vigingi vimeanza kuonekana, na bado hakuna kilichochimbwa. Huo ndio wakati wako. Ukishapita haurudi.

Kinachochafua ni nini hasa

Wengi wakisikia uchafuzi wa mgodi huwaza zebaki na sianidi. Hizo ni hatari kweli, lakini kwenye migodi mingi ya shaba, nikeli na dhahabu ya mwamba tatizo linalodumu zaidi hutoka kwenye jiwe lenyewe. Mbale zake mara nyingi zimeshikana na salfaidi, yaani madini yenye salfa, hasa pairaiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa. Likiwa chini ya ardhi, jiwe hilo halina neno na mtu. Likipasuliwa, likasagwa, likaachwa kwenye hewa na mvua, salfaidi hugeuka asidi ya salfuriki, na asidi huyeyusha shaba, zinki, kadimiamu na aseniki iliyomo. Wapo bakteria wanaojipatia riziki kwa kazi hiyohiyo, nao huiharakisha.

Mto Río Tinto wa kusini mwa Uhispania, ambako watu wamechimba kwa maelfu ya miaka, hadi leo maji yake ni mekundu na pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, iko karibu na 2. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha asidi ile ni cha asili na kiasi gani kimeletwa na wachimbaji. Hakuna aliyepima kabla.

Maziwa yaliyokaa juu ya graniti ndiyo dhaifu kuliko yote. Maji yake ni laini, hayana chokaa ya kutosha kuituliza asidi, na kwenye maji laini shaba humdhuru samaki kwa kiwango cha mikrogramu chache tu kwa lita. Samoni, kwa mfano, hupoteza uwezo wa kunusa kabla hata hajaonekana mgonjwa.

Kazi ya chupa na daftari

Chagua vituo vichache utakavyovimudu mwaka mzima. Mimi huanza na vinne: kimoja kwenye kijito kilicho juu ya eneo la mgodi unaopangwa, ambako uchafu wake hautafika, kimoja chini yake mara tu maji yanapotoka, kimoja kwenye mdomo wa kijito kinapoingia ziwani, na kimoja ziwani kwenyewe. Kile cha juu usikidharau eti ni cha maji safi. Ndicho kitakachomjibu mwanasheria, kwa sababu mvua na ukame hugusa vituo vyote sawa, lakini mgodi utagusa vya chini peke yake.

Andika alama za GPS, halafu chora pia ramani ya mkono: jiwe lipi, mti upi, hatua ngapi kutoka kwenye mapito. Siku moja atakwenda mtu mwingine badala yako, na anatakiwa apige magoti palepale ulipopiga wewe.

Mambo matatu utayapima mwenyewe kwa kifaa cha mkononi: joto, pH, na upitishaji umeme wa maji. Asubuhi kabla ya kutoka, rekebisha kipimo cha pH kwa vimiminika vyake vya 4, 7 na 10, na uandike kwamba umerekebisha. Kumbuka kwamba pH ikishuka kutoka 7 hadi 6, asidi imeongezeka mara kumi, siyo kidogo kama namba inavyoonekana. Ila usiitegemee pH peke yake. Mahali ambapo mwamba una chokaa kiasi, asidi hutulizwa kwanza, na pH inaweza kukaa vizuri kwa miaka huku mambo yakiharibika. Kinachopanda mapema ni salfeti, yaani kile salfaidi inachokiacha majini ikigeuka asidi, na upitishaji umeme hupanda nayo. Mimi nikiona namba ya umeme inapanda kwenye kituo cha chini huku cha juu kimetulia, siku hiyo sirudi nyumbani bila sampuli za maabara.

Sampuli za salfeti na metali utazipeleka maabara yenye ithibati, na chupa utapewa na maabara yenyewe. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Chupa tupu ya kawaida isuuze mara tatu kwa maji ya kijito kabla ya kuijaza. Chupa ya sampuli ya metali iliyowekwa tone la asidi ya kuhifadhia usiisuuze kamwe, maana utamwaga asidi hiyo. Waulize wakati wa kuzichukua ipi ni ipi. Ingia majini kutokea chini, elekeza uso wako kule maji yanakotoka, subiri tope ulilolitimua liondoke, kisha zamisha chupa isiyo na asidi ikiwa imefungwa na uifungulie chini ya uso wa maji. Ile yenye asidi usiizamishe, imiminie maji kutoka chupa safi. Vaa glavu mpya kila kituo. Pete za fedha na za shaba mimi huziacha nyumbani.

Kila safari jaza chupa moja kwa maji safi ya maabara ukiwa palepale kijitoni, na rudia kituo kimoja mara mbili. Ya kwanza huonyesha kama uchafu umetoka mikononi mwako. Ya pili huonyesha kama namba zako zinaaminika. Weka zote kwenye kasha la barafu, na kila zinapobadilisha mikono, anayetoa na anayepokea watie saini na saa. Karatasi hiyo inachosha, lakini bila hiyo chupa zako si ushahidi.

Nenda kila mwezi ukiweza. Ukishindwa, usikose mvua za kwanza baada ya kiangazi, au barafu inapoyeyuka huko kwenye baridi, kwa sababu ndipo yaliyojikusanya miezi mingi huoshwa kwa pamoja. Miaka miwili ya vipimo ndiyo ninayoiita mwanzo. Mwaka mmoja unaweza kuwa wa ajabu, na mtu akakuambia ni wa ajabu.

Na geuza mawe. Chini ya jiwe la kijito kizima utakuta wadudu wachanga waliojibana, wengine na mikia mitatu kama nyuzi, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Wahesabu, wapige picha juu ya sahani nyeupe, uwarudishe. Hawa wa mikia mitatu huwa wa mwanzo kutoweka metali zikipanda. Nimewahi kugeuza mawe thelathini kwenye kijito chenye maji meupe pe, yanayong'aa, nisipate hata mmoja.

Ripoti ya athari kwa mazingira

Ikitoka, usianzie kwenye muhtasari wenye picha za miche. Nenda kwenye viambatisho vya miamba. Tafuta ni sampuli ngapi za mawe zilizopimwa kwa uwezo wa kutoa asidi, na uwiano kati ya uwezo wa kuituliza na uwezo wa kuizalisha. Uwiano ukiwa chini ya 1, jiwe hilo linatarajiwa kutoa asidi. Kati ya 1 na 2 ni mashaka. Angalia pia kama mawe yaliwekwa kwenye jaribio la unyevu la muda mrefu, wiki 20 au zaidi, au waliridhika na kipimo cha siku moja.

Kisha bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mawe yaliyosagwa. Agosti 2014 bwawa la Mount Polley, British Columbia nchini Kanada, lilipasuka likamwaga takriban mita za ujazo milioni 25 za tope na maji, hadi Ziwa Quesnel. Jopo la wachunguzi lilikuta chanzo ni tabaka la udongo dhaifu chini ya ukuta, ambalo usanifu haukulizingatia ipasavyo. Kwa hiyo uliza: chini ya ukuta mmechoronga matundu mangapi, na mlikuta nini? Uliza pia maji yatasafishwa kwa miaka mingapi baada ya mgodi kufungwa, na dhamana ya gharama hiyo imewekwa kwa nani. Ukikuta maneno kama "kwa muda usiojulikana", yanukuu yalivyo.

Maoni yako yataje ukurasa na jedwali, na yaishie kwenye swali. "Tunapinga mgodi" hurundikwa pamoja na mengine elfu na kujibiwa kwa sentensi moja. "Jedwali lenu linasema salfeti ya kijito hiki ni kadhaa, vipimo vyetu vya miezi 24 vinasema vingine, mlipima lini?" hilo linamlazimu mtu kukaa kitako.

Usidhani ukishinda umemaliza. Jirani na Boundary Waters, pori la maziwa zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Minnesota nchini Marekani, serikali ilikataa Desemba 2016 kuhuisha mikataba ya mgodi wa shaba na nikeli. Mwaka 2019 utawala mwingine ukaihuisha. Januari 2022 ikafutwa. Januari 2023 amri ya waziri ikafungia takriban ekari 225,000 za ardhi ya umma kwa miaka 20, na amri ya waziri haiwafungi mikono waliokuja baada yake. Katika vuta nikuvute kama hiyo, watu wa ofisini hubadilika. Daftari la maji linatakiwa liwe lilelile.

Kwa hiyo lipige picha kila ukurasa jioni ileile. Nakala moja iwe kwako, moja kwa mwenzako, moja kwenye maktaba au chuo kilicho tayari kuitunza. Usifute kosa kwa kalamu ya kufutia. Likate mstari mmoja, liendelee kusomeka, weka saini pembeni. Na siku utakapofika kituo cha chini ukakuta mawe yamevaa utando wa rangi ya machungwa, jaza chupa kwanza, piga picha pili, mpigie simu msimamizi wa mazingira tatu, kisha mwandikie hayohayo kwa barua na udai nakala iliyogongwa muhuri. Halafu panda hadi kituo cha juu ukajaze chupa ya pili, hata kama giza linaingia.