Nyumba Inasemwa Ina Majini: Namna ya Kuichunguza

Nyumba ikishasemwa ina mambo, watu hukimbilia udi, kisha mtaalamu, kisha simu za kurekodi usiku kucha. Anza na hewa ya ndani. Yapo mengi yanayowafanya watu wasikie nyayo na kuona vivuli, lakini hili linaua familia nzima ikiwa usingizini.

Mwongozo huu haugusi imani ya mtu. Hata anayeamini kwamba majini wapo ana haja ya kujua kama kishindo cha saa mbili usiku kimetoka kwao au kimetoka kwenye mabati.

Hewa

Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba kuukuu mwaka 1912. Vichwa viliuma, watoto wakadhoofika, mimea ya ndani ikanyauka. Nyayo zikasikika kwenye vyumba vitupu, na usiku wakaonekana watu wasiojulikana kando ya kitanda. Mwisho ikagundulika kwamba tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu: moshi uliopaswa kutoka kwa dohani ulikuwa ukiingia ndani.

Kwetu tanuri hilo ni jiko la mkaa lililoingizwa chumbani msimu wa baridi, Njombe au Limuru au Bukavu, au jenereta iliyofichwa koridoni isiibiwe. Sumu yenyewe ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na mkaa ulioiva vizuri, usiotoa moshi tena, bado unaitoa. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani moshi ukiisha hatari imeisha.

Waulize wenye nyumba maswali manne. Je, kichwa huuma ndani na kupoa ukikaa nje kwa saa moja au mbili? Je, wanaumwa wote kwa pamoja? Je, mambo hutokea jiko au jenereta ikiwa inafanya kazi? Je, paka au kuku wanaolala ndani hulegea pia? Jibu likiwa ndiyo hata kwa mawili, toa moto nje leo hii, fungua milango na madirisha, na mwenye kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe hospitali na aseme wazi kwamba amelala na jiko. Usimlaze mtu humo ili kujaribu.

Ukipata kengele ya kupima hewa hiyo, iweke usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye chanzo cha moto. Kengele ya kiwango cha Ulaya, EN 50291, hailii papo hapo. Ikikuta sehemu 50 kwa milioni hulia baada ya dakika 60 hadi 90. Kwenye 100, baada ya dakika 10 hadi 40. Kwenye 300, ndani ya dakika 3. Kwa hiyo kuizungusha chumbani dakika tano na kutangaza kuwa hewa ni safi ni kujidanganya. Simu haiwezi kupima hewa hii, hata programu yake iseme nini.

Mashuhuda, mmoja mmoja

Kazi nyingi huharibika hapa. Ukiwakalisha watu sita sebuleni na kuwaambia wasimulie, baada ya nusu saa wote watakuwa wamemwona mwanamke yuleyule mwenye nguo nyeupe. Muhoji kila mtu peke yake, wote ndani ya siku moja, kabla hujagusa chombo chochote.

Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, milango na madirisha yote yaonekane, utoe nakala kwa kila shuhuda. Mwombe aweke alama ya X mahali alipopatwa na jambo. Timu ya mwanasaikolojia Richard Wiseman ilifanya hivyo katika kasri la Hampton Court karibu na London, mahali ambapo malkia Catherine Howard, aliyekatwa kichwa mwaka 1542, husemwa bado anapiga mayowe kwenye ushoroba. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003 pamoja na yale ya mahandaki ya South Bridge mjini Edinburgh, yalionyesha kwamba alama hazikutawanyika ovyo. Zilirundikana sehemu zilezile, na sehemu hizo zilikuwa na tofauti za kupimika, kama vile mwanga na ukubwa wa chumba. Alama zikirundikana kwenye ramani yako, umeshajua pa kupeleka vipimo.

Kwa kila tukio andika saa, mtu alikuwa amesimama, amekaa au amelala, taa ilikuwa imewaka au imezimwa, umeme ulikuwepo au ulikatika, mvua, upepo, na nani mwingine alikuwa macho. Uliza "ulisikia nini?", usiulize "ulisikia nyayo?". Swali la mwisho liwe hili: kabla ya kuhamia, uliambiwa nini juu ya nyumba hii, na nani alikuambia?

Sauti za usiku

Malalamiko mengi huwa ya sauti, na sauti nyingi zina saa zake.

Mabati huanza kugonga jua likizama. Bati la mita 3 lililofika nyuzijoto 60 mchana na kushuka hadi 25 usiku hupungua urefu kwa karibu milimita 1.3. Misumari hulizuia, nguvu hujikusanya, kisha bati huchomoka kwa mshindo mmoja. Mishindo ikifuatana kutoka upande mmoja kwenda mwingine husikika kabisa kama mtu anayetembea darini. Dalili yake ni kwamba hupungua kadiri usiku unavyoendelea, hurudi asubuhi jua likipiga, na siku ya mawingu huwa haba. Ili kuhakikisha, mwagia maji sehemu ya paa ukiwa chini, kwa mpira, saa tisa alasiri siku ya jua kali. Paa likigonga mchana mbele ya watu wote, kazi ya sauti hiyo imekwisha.

Mabomba ya maji yana tabia nyingine. Boya la tangi likifunga ghafla, maji yanayokimbia hugonga ukuta wa bomba na nyumba nzima ikasikia. Mtaa wenye mgao wa maji huletewa usiku wa manane: hewa iliyokaa ndani ya mabomba hutoka ikipiga mluzi, na koki iliyoachwa wazi mchana humwaga maji yenyewe. Funga valvu kuu usiku mmoja, uone kama vishindo vinaacha.

Kisha wanyama. Komba hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa. Perere, katika misitu ya milimani na ya Pwani, hupiga ukelele unaopanda na kukatika, na asiyeujua hapati usingizi tena. Bundi wa majengo hakoromi tu, hukwaruza sauti kama mtu anayekabwa. Popo huacha ushahidi: doa la kahawia lenye mafuta kwenye tundu wanalopitia, na vinyesi chini yake vinavyovunjika kuwa unga ukivibonyeza kwa kijiti. Usivishike kwa mkono, na usifagie vikavu bila barakoa, maana vumbi lake lina maradhi.

Mtu aliyekabwa kitandani

Shuhuda akisema aliamka akashindwa kujongea, kifua kikabanwa, akataka kupiga kelele sauti isitoke, na akahisi kuna mtu chumbani, huyo amepatwa na jinamizi. Wakati wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili mtu asitende anachokiota. Ufahamu ukirudi kabla misuli haijafunguliwa, mtu huwa macho ndani ya mwili usiotii, na ndoto huendelea mbele ya macho yake. Huchukua sekunde kadhaa hadi dakika chache. Huja zaidi kwa anayelala chali, aliyekosa usingizi siku nyingi, au anayefanya kazi za zamu. Mshauri alale ubavu, apate saa zake za usingizi, na kila likitokea ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Ikiwa yuko peke yake kwenye orodha yako, nyumba haina la kujibu.

Usilidharau lakini, kwa kuwa hofu yake huambukiza. Mwaka 1995 habari za Popobawa, shetani anayesemwa huvamia watu usiku, zilianza Pemba zikavuka hadi Unguja. Wengi walisimulia mambo yaliyofanana na haya, watu wakakesha nje kwa makundi wakiota moto, na mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili akauawa na umati uliodhani ndiye. Ndiyo maana ripoti yako haiandiki jina la mtu yeyote kuwa chanzo, hata ukiambiwa na wakazi wote. Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Ukisikia jina likitajwa kwa vitisho, acha uchunguzi na upeleke habari kwa polisi na kwa uongozi wa mtaa.

Taa, baridi, vivuli, picha

Taa ya LED inayomulika hafifu baada ya kuzimwa: huenda swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya laivu (unaouleta). Mwite fundi wa umeme, usiache, kwa sababu hapo holda bado ina umeme hata taa ikiwa imezimwa. Taa za nyumba nzima zikipanda na kushuka mwanga kwa zamu, nyutro imelegea. Hilo nalo ni la fundi, na ni la siku hiyohiyo.

Baridi ya ghafla mahali pamoja: ning'iniza uzi mwepesi au ukanda mwembamba wa mfuko wa nailoni, mbele ya kila mlango, tundu na ufa, utazame unakoelekea. Wengi hutumia moshi wa udi. Pwani usifanye hivyo, maana udi na ubani vina kazi yake katika mambo ya majini, na wenyeji watadhani umekuja kuita. Kosa jingine ni kipimajoto chenye umbo la bastola. Kile hupima uso wa ukuta, hakipimi hewa. Tumia cha kawaida, kiache dakika 15 kitulie, na kingine kama hicho kiwe chumba cha pili.

Vivuli vya pembeni mwa jicho vilimpata mhandisi Vic Tandy katika maabara moja mjini Coventry. Upanga mwembamba wa mchezo aliokuwa ameubana kwenye jiliwa ulianza kutetemeka wenyewe, akafuatilia hadi kwenye feni mpya ya kuvuta hewa, iliyokuwa ikitoa mtetemo wa karibu hezi 19, chini kidogo ya zile 20 ambazo sikio huanzia kusikia. Alichapisha mwaka 1998, na tangu hapo mafundi wa mizuka huitaja kila mahali. Tuipe uzito wake tu: mwaka 2009 watafiti wa London walichapisha jaribio la chumba walichokijenga, wakawaingiza watu 79, na hisia za ajabu zilizoripotiwa hazikufuata kama mitambo ya mitetemo na sumaku imewashwa au imezimwa. Maelezo yaliyobaki ni kwamba watu huhisi walichoandaliwa kuhisi. Kwa hiyo weka bakuli la maji mezani, uzime feni, friji na pampu kimoja kimoja ukitazama uso wa maji, lakini usinunue vipima sumaku vinavyouzwa kwa wawinda mizuka. Vinalia karibu na waya wowote wa umeme.

Duara nyeupe kwenye picha ni vumbi lililo karibu sana na lenzi, likimulikwa na flashi. Kung'uta shuka, piga picha tatu na flashi na tatu bila, ukiwa umeegemeza simu pahali pamoja. Mtu anayeonekana kama kioo, ukuta ukipita ndani yake, hutokana na hali ya usiku ya simu: kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na mtu akapita katikati.

Kukesha

Kesha si chini ya usiku miwili, mmoja ukiwa na mvua au upepo kama msimu unaruhusu. Watu wanne wanatosha, wawili kila chumba. Chumba cha pili kiwe kile kisicho na sifa yoyote, na wanaokesha wasiambiwe kipi ni kipi. Bila chumba cha kulinganisha huna matokeo, una simulizi nyingine tu. Linganisha saa za simu zote mwanzoni, na kila mtu anayekohoa, kuhama au kufungua mfuko aseme kwa sauti kwenye rekodi. Usipofanya hivyo, kesho yake kikohozi cha mwenzako kitakuwa ushahidi. Andika joto kila nusu saa.

Magofu yana sheria zake. Gede, karibu na Malindi, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu 2024 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Usiku huingii bila kibali, na kuna visima virefu ndani ya msitu. James Kirkman, aliyeanza kuchimba huko mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinachomtazama. Nenda mchana, mkae kimya, mhesabu kima waliopo juu ya miti.

Hadithi yenyewe

Mwisho kagua kisa kinachosimuliwa. Nyumba ya kasisi ya Borley, Essex, iliyojengwa mwaka 1862, ilitangazwa na mchunguzi wa mizuka Harry Price kuwa na mizuka kupita zote Uingereza. Aliikodi mwaka mzima kuanzia 1937, na ikaungua mwaka 1939. Kisa chake kilikuwa cha mtawa wa kike aliyezikwa hai ukutani kwa kumpenda mtawa wa kiume wa monasteri iliyokuwa hapo. Hapakupatikana ushahidi wowote kwamba monasteri hiyo iliwahi kuwepo. Upande wa pili, Gede ina kaburi lenye mwaka uliochongwa, 802 Hijria, yaani 1399, na kila msimulizi anaweza kupimwa kwalo.

Kwa nyumba ya kawaida, tafuta hati ya kiwanja, mwaka wa kujengwa, na majirani waliohamia kabla ya sifa kuanza. Uliza kama palikuwa na makaburi, na kama ndiyo, yalihamishwa lini. Angalia pia nani anafaidika: kiwanja chenye sifa mbaya hununuliwa kwa bei ya chini.

Ripoti iwe na safu tatu kwa kila tukio: lililosemwa, lililopimwa, na hali yake. Hali ziwe "limeelezwa", "linaelekea kuelezwa" au "halijaelezwa". Hilo la tatu liache lilivyo. Mpe mwenye nyumba nakala pamoja na orodha ya matengenezo, jiko na nyaya zikiwa juu kabisa, na umwombe aendelee kuandika saa na hali ya hewa kwa mwezi mmoja baada ya fundi kuondoka.